Pombe ya Myombekere na wasomaji tuliogawanyika

Tangu mwezi wa tatu, sisi wasomaji tisa tumekuwa tukikutana kila Jumamosi alasiri sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, hapa Pasiansi, Mwanza, kwa ajili ya kitabu kimoja tu. Kitabu chenyewe ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na nakala tuliyo nayo ni moja, kuukuu, ambayo mgongo wake umezungushiwa plasta ya hospitali na kurasa zake za mwanzo, zilizokwisha kuchomoka, zinatunzwa ndani ya bahasha ya kaki. Kwa kuwa nakala ni moja, tunasoma kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake, na naamini hiyo ndiyo sababu tumebishana kiasi hiki. Asomaye peke yake huyapita mengi kimyakimya, lakini maneno yakitoka kinywani mwa mtu unayemfahamu, aliyeolewa au aliyeachwa, huwezi kuyapita.

Kwa asiyekifahamu, kisa kinatokea kisiwani Ukerewe katika zama za kabla ya utawala wa Wazungu. Myombekere na mkewe Bugonoka hawajajaliwa mtoto, na ndugu wa mume wamechoka kungoja, hivyo wanamtukana mke na kumshinikiza mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanapozisikia habari hizo wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Mume anabaki na nyumba isiyo na mtu, na badala ya kufanya lile ambalo kila mtu anamtarajia alifanye, yaani kutafuta mke wa pili, anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mke wake yule yule. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, naye anarudi kwake kuitengeneza, kisha anaipeleka na kumpata mkewe. Baadaye sana, baada ya dawa za mganga na masharti mengi, ndipo wanapozaliwa Ntulanalwo na dada yake Bulihwali.

Mjadala wa kwanza ulizuka kuhusu jambo ambalo sikulitegemea, nalo ni kama hii kweli ni hadithi ya mapenzi. Kijana mmoja wa kikundi chetu, fundi wa simu pale Makoroboi, alisema wazi kwamba haoni mapenzi yo yote humu. Myombekere hamwambii mkewe kwamba anampenda, hawashikani mikono, na mwandishi anatumia nafasi kubwa zaidi kueleza jinsi wageni wanavyosalimiana na jinsi shamba linavyolimwa kuliko anavyoeleza moyo wa mtu. Alisema pia kwamba riwaya inakwenda polepole mno, na kwamba angeisoma peke yake angeiacha kabla ya nusu. Sikumlaumu. Ni kweli kwamba Kitereza hana haraka hata kidogo, na kwamba Kiswahili chake ni kizito, Kiswahili ambacho nyuma yake unausikia mwendo wa Kikerewe. Aliandika kwanza kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na baadaye, akiwa mzee, akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa sababu hakupatikana mchapishaji wa kuitoa kwa lugha yake ya kuzaliwa.

Mwalimu mstaafu, ambaye ni Mkerewe na ndiye hutusahihisha matamshi ya majina, alimjibu kijana yule kwa hoja iliyonishangaza. Alisema kwamba kwake yeye mapenzi ni jambo dogo katika kitabu hiki, na kwamba thamani yake ni ule utaratibu wote wa maisha uliohifadhiwa ndani yake: namna ya kuvua, kujenga, kutibu, kuzika, kumpokea mkwe. Anakisoma kama mtu anayehesabu vyombo vya marehemu babu yake, kimoja kimoja, kuona kama vyote vipo. Ninamheshimu sana mwalimu, na najua kwamba wataalamu wengi pia wamekisoma hivyo, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Tukikigeuza kitabu kuwa ghala la mila tutakuwa tumemsahau yule mwanamume aliyekaa peke yake ndani ya nyumba akisikia ndugu zake wakimwambia kwamba amerogwa na mwanamke.

Hoja yangu, ambayo niliieleza pale na sasa naiandika kwa utulivu zaidi, ni kwamba mapenzi ya watu hawa wawili yamo ndani ya utaratibu wenyewe, na mahali pa kuyatafuta ni katika kurasa za pombe. Nimekulia likizo zangu kwa babu mzaa mama, huko Muleba, ng'ambo ya ziwa, na nimeona rubisi, yaani pombe ya ndizi, ikitengenezwa. Ndizi huvundikwa siku kadhaa hadi ziive na kulainika, kisha humenywa na kutiwa pamoja na nyasi katika chombo kirefu cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, ambamo wanaume hukanyaga kwa miguu hadi togwa itoke. Baada ya hapo huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na watu husubiri. Nilimwona babu akifunua pembe moja ya jani alfajiri, akiinama na kutega sikio kusikiliza kama imeanza kuchemka. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, haifanywi kwa siku moja, na haifanywi kwa siri, kwani kijiji kizima hujua nani anatengeneza pombe na ni ya nini.

Sasa mfikirie Myombekere. Kila aliyepita njiani alijua kwamba huyu bwana anatengeneza pombe ya kumrudisha mwanamke ambaye ndugu zake wamekwisha kumwita mgumba. Angeweza kuitumia nguvu hiyo hiyo kutafuta mahari ya msichana mwingine, na wote wangemsifu. Yeye aliomba msaada wa majirani na kukubali kuonekana. Kijana wetu anatafuta maneno ya mapenzi, nami namwambia kwamba zile ndizi zilizovundikwa ndiyo maneno yenyewe, na kwamba mwandishi hakuharakisha kwa sababu mume mwenyewe hakuruhusiwa kuharakisha. Ukizifupisha kurasa hizo, msamaha unakuwa rahisi, na wakwe hawakukusudia uwe rahisi.

Katika jambo hili mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliliona lile ambalo mimi sikuliona. Alisema kwamba ile pombe ilikuwa faini ya mdomo. Waliomtukana Bugonoka ni ndugu wa mume, lakini aliyetozwa ni mume, kwa sababu alikuwapo, aliyasikia, na hakuwanyamazisha mapema. Kwa maelezo yake, wazazi wa Bugonoka walikuwa wakimfundisha mkwe wao kwamba mke akidhalilishwa ndani ya boma lako, deni ni lako. Sebule nzima ilinyamaza, na mwalimu, ambaye kwa kawaida hasubiri kuulizwa, alitikisa kichwa tu kukubali.

Lakini mama huyo huyo ndiye aliyetupa maoni magumu kuliko yote. Wiki iliyofuata, zamu yake ilipofika, alisoma ukurasa mmoja, akaweka kidole juu ya mstari alipoishia, akasema kwamba yeye aliolewa katika nyumba kama ile. Mke mkubwa hakuwa na mtoto, na ndugu wa mume walikuja kwao kumposa yeye ili azae. Alizaa wanne. "Nyinyi wote mnamsifu Myombekere kwa kutooa wa pili," alisema, "na mimi namsifu pia. Ila mjue kwamba yule wa pili ambaye hakuolewa alikuwa mtu. Mimi ndiye niliyeolewa, na hakuna aliyeniuliza." Kisha akaendelea kusoma kutoka pale kidole chake kilipokuwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma riwaya hii nikiwa na mwanamke mmoja zaidi ndani yake, ambaye mwandishi hakumtaja.

Muuguzi tuliye naye alikuwa na lalamiko la aina nyingine, kwamba katika kisa hiki, kama ilivyo mitaani kwetu, mwanamke ndiye anayetupiwa lawama kabla ya lolote kujulikana. Alitueleza kwamba hadi leo wanawake wengi huja kliniki peke yao kwa tatizo la kukosa mtoto, ilhali tatizo laweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili, na vipimo vya mume ni rahisi kuliko vya mke. Nakubaliana naye kabisa kuhusu kliniki, ingawa sidhani kwamba ni haki kukidai kitabu kilichomalizwa mwaka 1945, kuhusu watu wa karne ya nyuma yake, kitoe majibu ya maabara.

Mgawanyiko mkubwa, ambao haujaisha, ni kuhusu watoto. Karibu nusu yetu wanaona kwamba kuzaliwa kwa Ntulanalwo kunaikamilisha hadithi, kwamba uvumilivu umelipwa, na wengine walishangilia kabisa kurasa zile ziliposomwa. Mimi sikushangilia. Nina miaka tisa ya ndoa na sina mtoto. Nimewahi kusimama msibani nikikoroga ugali wa waombolezaji, na mtu wa upande wa mume wangu akaniambia mbele ya wapishi wote kwamba sufuria yangu haijawahi kupika uji wa mtoto. Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo Bugonoka anapata mimba nilihisi kwamba ameondoka na kuniacha, na kwamba mwandishi aliyekuwa pamoja nami kwa mamia ya kurasa ameamua kuwapa washindi wale wale waliotukana kile walichokitaka. Nilisema hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Mwalimu ndiye aliyenijibu, na wala hakubishana nami. Alinieleza habari za mwandishi mwenyewe. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akaoa, akaishi Ukerewe karibu maisha yake yote. Yeye na mkewe hawakubaki na mtoto wa kuwalea uzeeni, naye, akiwa Mkatoliki, na licha ya mazingira yale yale ya Myombekere, hakuoa mke wa pili. Muswada wake ulikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya Tanzania Publishing House kuuchapa kwa Kiswahili mwaka 1980, na alifariki mwaka 1981 bila kukishika kitabu mkononi.

Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Mtu aliyekuwa akiandika sura ya kuzaliwa kwa Ntulanalwo alikuwa ndani ya nyumba yenye ukimya kama wa kwetu, na mkewe alikuwa chumba cha pili au jikoni. Sasa siwezi tena kusema kwamba aliniacha. Hata hivyo sijabadilisha msimamo kwamba nguvu ya wanandoa hawa iko katika nusu ya kwanza, wakati ambapo Myombekere hana ahadi yo yote ya kupata mtoto, hana mganga, hana ndoto, ana mke tu aliyekaa kwao. Aliyetengeneza pombe alikuwa mtu asiye na mtoto, anayemfuata mke asiye na mtoto, na wasomaji wanaosema kwamba alilipwa baadaye wanasahau kwamba wakati anakanyaga ndizi hakujua kama atalipwa. Ndiyo maana naona kwamba hata leo wanandoa hawa si wa kawaida. Ninawafahamu waume wengi wema hapa Mwanza waliobaki na wake zao huku wakitumaini, lakini waliobaki bila kutumaini, na wakatoka hadharani kulisema hilo, ni wachache.

Kijana wa simu, niseme kwa haki, amebadilika kidogo. Bado anasema kitabu ni kirefu, lakini Jumamosi iliyopita ndiye aliyeomba turudie safari ya ukweni, akasoma polepole hadi kwenye salamu ambazo mwanzoni zilimchosha, na safari hii hakuruka hata moja.

Mume wangu haji katika kikundi. Kazi yake ni ya majini, kwenye meli za mizigo, na Jumamosi nyingi hayupo. Juzi usiku, tukiwa tunakula, aliniuliza tumefika wapi, nami nikamweleza kisa tangu mwanzo: matusi, mke kurudi kwao, faini ya wakwe, na yale maelezo ya mama wa dagaa kwamba mwenye boma ndiye mwenye deni. Aliacha kula kwa muda. Anaujua ule msiba, kwani alikuwa amesimama nje karibu na mlango wa jiko, na hatujawahi kuuzungumzia. Kisha akauliza kama yule bwana aliitengeneza ile pombe peke yake. Nikamwambia hapana, majirani walimsaidia. Akaniomba nimsomee hapo, na kwa kuwa kitabu kilikuwa kwa mwalimu, nilimsimulia kwa kadiri nilivyokumbuka, kuanzia ndizi zilipovundikwa.