Altezza yangu ilikuwa inayumba kwenye kona, nilivyoituliza

Wakuu, hii Toyota Altezza ukishuka nayo mteremko wa Kikavu ukitokea Boma Ng'ombe kuja Moshi ilikuwa shida, ukikata kona tu bodi inalala upande halafu kitako kinachelewa kufuata, na kwenye matuta nyuma inadunda kama mpira. Mtaani kila mtu ananiambia kata springi ishuke, itashika barabara. Nikagoma. Springi ya kukatwa inakuwa fupi na ngumu na shokapu, ile inayozuia springi isidundedunde, ni ileile, kila shimo inagonga chini.

Nikaanza na vilivyochoka. Shokapu za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta mpaka vumbi limegandia, bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio) za wishiboni, yaani mikono inayoshika tairi, zimepasuka, linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia bodi kulala, zinacheza. Nikafunga shokapu mpya zote nne, za gesi, springi nikaacha za kampuni, bushi za mpira.

Sasa hapa ndo mafundi wengi wanaruka: bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Zishikize tu, shusha gari matairi yabebe uzito, ndo ukaze. Ukikaza likining'inia, ule mpira unakaa umejipinda muda wote na unachanika mapema. Fundi alinuna, si ilibidi aingie kwenye shimo la gereji, ila alifanya.

Mwisho wili alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za matairi, lazima, maana ukigusa wishiboni vipimo vinahama. Saivi Kikavu gari inatii usukani, bodi bado inalala kidogo, springi za kampuni hizo sikutegemea muujiza. Ile kelele ya ko ko ko iliyobaki nyuma ilikuwa jeki kwenye buti.