Mtoto aliyeitwa mkaidi

Binti wa marehemu dada yangu alipoletwa kwangu Ujiji, ndugu walishampa jina: mkaidi. Ukimwita haitiki. Ukimuuliza anatazama chini, anaganda. Usiku alikojoa kitandani, na mlango ukibamizwa alikimbilia nyuma ya kabati.

Tangu afiwe alikuwa akihamishwa nyumba hadi nyumba. Ya mwisho ilikuwa ya pombe na vipigo, wala hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Afisa ustawi wa jamii alinieleza kuwa mambo hayo ndiyo huwaweka watoto hatarini: kufiwa, kuhamahama, ulevi nyumbani, kukosa wa kumwambia. Lakini mwenye kosa, alisisitiza, ni aliyepiga. Nilimshukuru, maana ukoo ulikuwa unamlaumu mtoto. Na watoto hawa ni wengi: utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wetu walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18.

Mtoto aliyezoea kipigo, ubongo wake hubaki ukivizia hatari hata hatari ikiisha. Moyo unamwenda mbio, usingizi unakatika, masomo hayakai. Kuganda kwake hakukuwa dharau.

Basi nikaondoa mambo ya kushtukiza. Uji saa ile ile. Nikienda Kibirizi kuuza migebuka namwambia nitarudi alasiri, na narudi, hata samaki wakibaki. Simshiki kwa nyuma kabla sijamwita. Shuka likilowa tunalifua bila maneno. Mume wangu ana sauti nzito, kwa hiyo alikaa kwanza mkekani ndipo aongee naye. Mwalimu nilimwomba asimwinulie fimbo. Akakubali, akamkalisha karibu na mlango.

Sikumhoji. Alianza mwenyewe, tukipaa samaki. Nikaendelea na kisu changu, nikisikiliza. Alipomaliza nikamwambia, "Nakuamini, mwanangu. Kosa si lako." Baadaye tulikwenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Aliye mbali na kituo apige 116, Simu ya Mtoto, haitozwi pesa.

Walevi wakipita usiku bado anaamka. Juzi, mbele ya wageni, nilimtuma dukani giza likiingia. "Mama mdogo, sitaki," akasema, kwa sauti. Wageni wakanitazama wakingoja nimkemee. Nilifurahi mno, nikamtuma kaka yake.