Jinsi nilivyofundisha saketi bila bando

Nafundisha fizikia kidato cha pili huku Ilemela, Mwanza. Wanafunzi 74, betri mbili, balbu moja nzima. Somo la saketi lilikuwa linaniuma kweli: wa nyuma walikuwa wakinakili mchoro tu, hawajawahi kuona balbu ikiwaka.

Nilijaribu PhET, majaribio ya sayansi ya bure ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, yaliyoanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002. Nyumbani yalifanya kazi vizuri. Darasani mtandao ukakata, ukurasa mweupe.

Kumbe kila jaribio la HTML5 (aina inayofunguka ndani ya kivinjari kama Chrome) lina alama ya kupakua. Nikapakua lile la kuunga saketi usiku, nikaliweka kwenye flashi, nikalifungua kwa Chrome kwenye laptopu bila intaneti. Likawaka! (Mengine yana tafsiri ya Kiswahili, angalia orodha ya lugha kabla ya kupakua.)

Projekta tunaazimana, kwa hiyo naipanga mapema. Kabla ya kubonyeza swichi nawauliza: tukiongeza balbu ya pili kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia ileile ya umeme, mwanga utakuwaje? Wanabishana kweli, hata wale wa dirishani. Halafu tunaona zote mbili zikififia.