Muhogo wa kwetu, kufuli la dola

Makala yenyewe ilikuwa ya mwaka 1936. H. H. Storey alieleza humo michirizi kahawia ya muhogo, ugonjwa alioutafiti Amani, kule juu Usambara. Mimi nimekulia Muheza, milima hiyo naiona kila mawingu yakiondoka. Hata hivyo kompyuta ilinidai karibu dola 50 nisome habari za muhogo wa kwetu.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili. Mwezi wa kwanza uliishia katika kuombaomba: nilimtumia rafiki aliyeko Uholanzi orodha ya makala 30, akanipatia 5, kisha majibu yakaanza kuchelewa. Simlaumu.

Siku moja nikaamua kukaa na orodha ile tangu asubuhi. Nilianza na PubMed Central, ambako makala nzima husomwa bure. Nikaweka Unpaywall, programu ndogo ya kutafuta nakala za bure, kwenye kivinjari. Ukifungua makala ambayo nakala yake halali ipo bure mahali pengine, kufuli la pembeni hugeuka kijani. Kwenye Google Scholar nikazoea kufungua matoleo yote ya kila makala, maana nakala ya chuo cha mwandishi mara nyingi imo humo. Hadi magharibi nilikuwa na 17. Kumbe siku zote nilibisha hodi mlango mmoja tu, ule wa kulipia!

Kwa makala zilizobaki niliwaandikia waandishi wenyewe: mimi nani, nasoma nini, naomba makala ipi. Niliona haya kuwasumbua maprofesa. Wengi walijibu, mmoja usiku uleule, tena akaniongezea data za mashamba yake. Zile dola haziwafikii wao hata senti.

Ya Storey ndiyo iliyogoma. Mwishowe mkutubi mmoja mzee akaingia stoo, akatoka na juzuu limejaa vumbi. "Piga picha kwa simu, mwanangu, ila usilikunjue sana, litaachia."

Tasnifu yangu niliiweka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, pamoja na jedwali la nzi weupe, wadudu wanaoeneza ugonjwa huo, niliowahesabu shambani, kwa leseni ya CC BY, inayomruhusu yeyote kuitumia kazi mradi amtaje mwenyewe. Msimamizi hakupenda. "Watakubebea kazi yako." Nikamwambia leseni inawalazimu wanitaje, akaguna tu.

Juzi nimepata barua pepe kutoka Nampula, Msumbiji. Mwanafunzi anauliza: safu ya tatu ni nzi kwa jani au kwa mmea? Nikatazama, kweli sikuandika. Nimesahihisha usiku uleule.