Miti Yenye Alama Nyekundu

Safari yetu ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwezi wa Agosti mwaka ule, ilikusudiwa kuwa ya mapumziko tu: kutembea kwa miguu katika Msitu wa Rubya, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kula chakula kivulini, kisha kurejea Nansio kabla ya giza. Wengi wetu tulikuwa walimu wa Mwanza, mji wa mawe na vumbi, na kivuli kilitutosha kuwa sikukuu.

Afisa aliyetuongoza, ambaye wenyeji walimwita Bwana Misitu ingawa kwa umri nilimzidi mbali, hakuanza na ndege wala mandhari bali moto. Alitusimamisha kwenye ukanda mpana uliofyekwa hadi udongo mtupu, akaeleza kuwa majani ya misonobari yakikauka huwaka upesi mno, na kwamba ukanda ule huzuia moto wa mashambani au wa warina asali usivuke.

Ndani zaidi tulikuta miti iliyopakwa alama nyekundu. Mwalimu mmoja alipoambiwa kuwa hiyo ndiyo itakayokatwa, alikasirika waziwazi.

“Kaka, kila siku mnatukataza kukata miti, leo mnaipaka rangi wenyewe ikatwe?”

Kijana yule hakuudhika. Alisema kwamba miche hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani 1,100 hivi katika hekta moja, na kwamba vilele vikishagusana miti huanza kunyang’anyana mwanga na maji, hivyo dhaifu hupunguzwa ili iliyobaki inenepe hadi wakati wa kuvunwa, kisha eneo lipandwe upya. Akatupeleka kwenye kisiki. Pete za katikati, za miaka ya mwanzo mti ulipokuwa na nafasi, zilikuwa pana, lakini kuelekea gome zilibanana kiasi kwamba ukucha wangu haukuweza kuzitenganisha. Utomvu uliokuwa bado mbichi ulininasa kidoleni. Mimi niliridhika. Mwalimu yule alinyamaza, jambo ambalo kwake si sawa na kukubali.

Niseme kweli, misonobari iliyopangwa kwa mistari huchosha macho upesi. Kilichonifurahisha zaidi ni miti ya asili iliyoachwa kando ya ziwa, yenye matawi yaliyosokotana na tumbili wakirukaruka juu yake. Bwana Misitu alitukumbusha kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa kuwa mizizi huzuia udongo usisombwe na mvua hadi kwenye mazalia ya samaki. Tulikula hapo, tukafungasha kila mfuko tuliokuja nao.

Wakati wa kutoka tulikutana na mama mmoja aliyepumzika kando ya mzigo wa kuni.

“Shikamoo, mama. Na wewe umeruhusiwa kukata?” aliuliza mwalimu wetu.

“Marahaba, mwanangu. Hizi ni kavu, zimeanguka zenyewe. Panga haliingii humu.”

“Na wakiufunga kabisa msitu, mtapikia nini?”

Mama akacheka. “Waufunge? Moto ukiwaka usiku, anayefika wa kwanza na matawi mabichi ya kuuzimia ni nani kama si sisi?”

Kisha akamwomba mwalimu amtwike mzigo wake, akashika njia ya kijijini.