Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Projekta, Kampala

Saa mbili na nusu asubuhi

Boda ananishusha nyuma ya mall, kwenye mlango wa magari ya mizigo. Onyesho la kwanza ni saa saba mchana, lakini leo tunapokea filamu mpya, na siku kama hii ukichelewa nusu saa utaihangaikia mpaka usiku. Kumbi ni nne, fundi ni mmoja. Enzi za mkanda wa filamu, kabla ya dijitali, ukumbi mmoja tu ulitaka projekta mbili na mtu wa kusimama kati yake muda wote.

Naanza na vumbi. Vumbi jekundu la Kampala halikai barabarani. Linapanda ghorofani na kujaa kwenye vichujio vya projekta. Ndani ya mashine mna chipu tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kila chipu imejaa vioo zaidi ya milioni mbili, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Vinainama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, ama kuurusha mwanga kwenye skrini ama kuutupa pembeni. Kichujio kikiziba, joto linapanda na mashine inajizima, tena huwa inangoja pale filamu iliponoga. Basi navitoa, navipuliza kwa kompresa, navirudisha. Wanaosifu dijitali hawasemi kwamba kuitunza ni usafi mtupu.

Saa tatu na robo

Diski imefika na basi la usiku kutoka Nairobi. Ni kisanduku cha plastiki ngumu, nakibana kwapani na kupanda ngazi. Filamu ya saa mbili kwenye mkanda wa milimita 35 ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tatu, vipande vitano au sita vilivyoviringishwa, ndizo rili, kwenye makopo, kilo 20 na ushei. Wapo wanaoulilia mkanda, lakini kwa uzito huo mimi siulilii. Mgongo ni wangu.

Nachomeka diski kwenye seva, kompyuta inayotunza na kucheza filamu, na kuanza kunakili. Ni karibu gigabaiti 200, kila fremu picha kamili, fremu 24 kwa sekunde kama zamani, zote zimefungwa kwa msimbo. Unaweza kumaliza kunakili salama salimini na usione hata fremu moja, maana ufunguo unakuja peke yake kwa barua pepe. Ni faili dogo kabisa, na linasema filamu itafunguka kwenye seva fulani tu, kuanzia saa fulani hadi saa fulani.

Leo ufunguo wa ukumbi wa tatu umegoma. Naangalia namba: umetengenezewa seva ya zamani, ile iliyotolewa wiki iliyopita ikapelekwa kutengenezwa. Taarifa tuliwatumia wanaotoa funguo, hawakuziingiza. Naandika tena, naambatisha cheti cha seva mpya, napiga simu. Simu inaita hadi inakatika. Wako ng'ambo na ofisi hazijafunguliwa. Onyesho ni saa moja jioni, na tiketi zimeshaanza kuuzwa.

Hapo ndipo mkanda ulipokuwa na heshima zake. Kopi ikishakufikia, uko nayo. Hakuna mtu wa mbali wa kukuuliza mashine yako ni namba ngapi.

Saa nne na nusu

Mjomba anaingia akiwa na mfuko wa nailoni na koti la kaunda suti. Ametoka Jinja alfajiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa mwenyewe ndiye huyu?"

Mgonjwa ni projekta ya milimita 35 ambayo meneja wetu aliinunua kwa wauza vyuma chakavu, akaona itapendeza pale mbele karibu na bisi. Nikamwambia nina mjomba aliyezishika mashine hizi tangu ujana wake, katika jumba moja la sinema Jinja, kabla ya mwaka 1972 na miaka mingi baadaye. Mwenye jumba aliondoka pamoja na Waasia wengine aliowafukuza Idi Amin. Mjomba akabaki na projekta mbili na kopo la grisi.

Anavua koti na kuanza kuipapasa. Hazungumzi. Anazungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Kisha anatoa mfukoni kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mna kipande cha mkanda, trela ya zamani isiyo na mwanzo wala mwisho. Kopo likifunguka, harufu ya siki inajaa foya nzima. Mikanda ya asetati huoza hivyo, hasa kwenye joto na unyevu kama wetu: inatoa asidi, inajikunja, inakuwa migumu kama kucha.

"Njoo utazame, hutafundishwa na mwingine."

Anaupitisha mkanda kwenye meno ya gurudumu la juu, anaacha kitanzi, anaubana kwenye dirisha la lenzi, anaacha kitanzi kingine chini, ndipo anauzungusha kwenye ngoma ya sauti. Vitanzi hivyo naviona kwa macho yangu mara ya kwanza. Gurudumu la juu linazunguka bila kusita, ila dirishani mkanda lazima usimame kabisa kwa kila fremu, mwanga upite, kisha uvutwe tena. Bila kitanzi ungechanika papo hapo. Tena sauti imechapwa kando ya picha, fremu 20 hivi mbele ya picha yake, kwa hiyo kitanzi cha chini kikizidi urefu, midomo na maneno vinaachana.

"Ukumbi mzima ulikuwa unajua," anasema. "Wanapiga miluzi, wanataja jina lako."

Ananieleza na alama za kubadilisha rili. Rili ikikaribia kwisha, kiduara kinatokea juu kulia mwa picha. Unawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde kama saba baadaye kinatokea kingine, unahamisha picha. Katikati ya hayo uwe umeshabadilisha vijiti vya kaboni, kwa sababu taa yenyewe ilikuwa moto halisi kati ya vijiti viwili vinavyoungua na kufupika.

Saa sita mchana

Tunakula matoke na karanga kwenye hoteli ya nyuma, kwa sababu chakula cha mall ni bei ya mgeni. Namuuliza kama anaukumbuka mkanda kwa mapenzi. Anacheka.

"Mapenzi gani? Kopi zilitufikia zimekwisha."

Zilikuwa zimezungushwa kwingine kwanza, Nairobi, Mombasa, Kampala, ndipo zikafika kwao. Picha zilikuwa na michirizi ya kusimama kama mvua, kuanzia jina la filamu hadi mwisho. Kila mahali mkanda ulipokatika, fundi alikata fremu zilizoharibika na kuunga, basi kwenye picha mara mhusika yuko mlangoni, mara ameshaketi anakula. Filamu ikipendwa, majumba mawili yaligawana kopi moja, na kijana wa baiskeli alikuwa akikimbiza rili moja moja. Baiskeli ikipata pancha, mapumziko yanarefuka na soda zinauzika.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kwa wanaonitumia video za watu wa Ulaya na Marekani wakiulilia mkanda. Wao walikuwa wanapata kopi ya wiki ya kwanza, mpya, kwenye lenzi safi. Ulinganisho wao ni wa haki kwao. Kwetu ulinganisho ni kati ya kopi ya mkono wa nne na faili ambalo ni sawasawa, fremu kwa fremu, na lile linaloonyeshwa London usiku huohuo. Onyesho la mia la leo halina mchubuko hata mmoja zaidi ya onyesho la kwanza.

Tena dijitali haikuua chochote hapa. Norman Cinema ya Kampala ilishageuka kanisa zamani, leo ni Watoto Church, kabla hata ya studio za Hollywood kutoa kanuni zao za sinema ya dijitali mwaka 2005. Kilichoyamaliza majumba ni video: kanda za VHS, vibanda vya mabenchi, halafu VJ anayekutafsiria filamu kwa Kiganda akiongeza na vichekesho vyake. Mjomba anawapenda ma-VJ kuliko filamu zenyewe.

Saa saba

Maonyesho yanaanza yenyewe. Ratiba imeshapangwa kwenye kompyuta: taa zinafifia, matangazo, trela, filamu. Sigusi kitu. Ufunguo bado.

Saa nane na nusu

Kijana mmoja amemkuta Mjomba na mashine yake, wanabishana. Amesoma habari za filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023: kopi yake ya milimita 70 ya IMAX, mfumo wa skrini kubwa mno, ilikuwa na urefu wa kilomita 17 na zaidi, uzito kama kilo 270, na ilionyeshwa hivyo kwenye kumbi 30 tu duniani. Anataka kujua kama kweli mkanda ni bora.

Jibu langu linategemea unaulizia nini. Huo wa milimita 70, ndiyo, una maelezo ambayo projekta zetu hazifikii. Hata wa 35, ukiwa mpya, una weusi mzuri. Weusi wa projekta zetu ni kijivu kilichokolea, na ukiwa umezoea huuoni mpaka filamu iwe na usiku mrefu. Lakini picha ya mkanda inatikisika kidogo kila wakati, yetu imetulia tuli. Kuna na jambo la mwanga. Kanuni inataka kandela 48, ndicho kizio cha mwanga, kwa mita ya mraba kwenye skrini. Nina kipimo, naupima kila wiki. Mwenye jumba anayebana matumizi huacha taa ya projekta, ile ya zenoni, ichakae kupita saa zake, na watazamaji wanaondoka wakisema filamu ilikuwa na giza. Lawama wanampa mwongozaji.

Saa tisa na nusu

Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda. Amekuja dada mmoja mtayarishaji na filamu yake ya kwanza ndefu, kaipiga Masaka kwa kamera ya kukodi. Faili la sinema ameliandaa mwenyewe kwenye laptop, kwa programu ya bure inayoitwa DCP-o-matic. Ukumbi wa nne uko wazi kwa saa moja, nampa.

Ndani ya dakika tano tunasikia kasoro. Sauti ni ya stirio, kushoto na kulia tu, spika ya katikati kimya. Namkalisha kiti cha ukutani upande wa kushoto. Wahusika wote wanaongea sikioni mwake huku midomo yao iko katikati ya skrini. Anakunja uso. Tunasonga hadi onyesho la jikoni usiku, mama anapuliza sigiri. Kwenye laptop, anasema, uso wa mama ulikuwa unaonekana. Hapa kimebaki kaa jekundu na leso.

"Kaka, nifanye nini?"

"Maneno yote yapeleke spika ya kati. Na huyo mama mwongezee mwanga kidogo, usiguse kaa."

Kesho asubuhi atarudi na faili jingine. Enzi za mkanda, asingekuwa na kesho asubuhi. Kuhamisha filamu kwenye milimita 35 kulitaka maabara ya ng'ambo na makumi ya maelfu ya dola, na kila kopi ya ziada zaidi ya dola 1,000. Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, wametengeneza filamu zinazojulikana duniani bila mita moja ya mkanda. Mtu akiniuliza dijitali imeiletea nini Uganda, sitamtajia vioo milioni mbili, nitamtajia huyu dada na sigiri yake.

Saa kumi na moja kasoro

Simu inalia nikiwa bado ukumbini. Ufunguo umekuja. Nauingiza, nangoja, ile alama nyekundu ya kufuli inageuka kijani. Nacheza dakika mbili za mwanzo, dakika mbili za katikati na dakika moja ya mwisho. Meneja anataka nimtumie ujumbe wenye neno moja tu, namtumia: "Tayari."

Saa moja jioni

Ukumbi wa tatu umejaa. Mjomba ameketi nyuma kabisa, chini ya tundu la projekta, kwa mazoea.

Saa mbili na dakika ishirini

Stima inakatika. Genereta inashika, seva haijazimika kwa sababu ya UPS, betri yake ya akiba, lakini projekta inajiamsha hatua kwa hatua na haiharakishwi. Dakika kadhaa za giza na tochi za simu. Kisha filamu inaendelea palepale ilipoishia. Mjomba amepanda juu kuniuliza ni fremu ngapi nimekata. Namwambia hata moja.

"Basi hii kazi si ya watu," anasema, na sijui ni sifa au ni tusi.

Saa tano usiku

Nazima projekta moja moja, naacha feni zipoze taa, napanga ratiba ya kesho. Dada wa Masaka nimemweka saa tatu, kabla hatujafungua. Mjomba atalala kwangu. Meneja anataka ile mashine iwekwe ndani ya kabati la kioo. Mjomba amekataa katakata, anasema watoto lazima waione ikizunguka, na kinachokosekana ni belti ya mota tu. Kesho saa tano tunakwenda Katwe kuitafuta, na isipopatikana mafundi wa huko watatukatia nyingine.