Microsoft Office, LibreOffice au Google Docs, uweke ipi?

Watu wengi hapa Mbeya wakinunua laptopu kitu cha kwanza wanatafuta fundi awawekee Office ya kukraki (ya wizi, isiyolipiwa), na mi naona hapo hapo ndo virusi vinapopitia, jamani tuache. LibreOffice ni ya bure kabisa, ilianza 2010 ikitokana na OpenOffice, unaipakua mara moja tu na hata bando likiisha unaandika na kupiga hesabu zako kama kawaida. Kwa mwenye duka la mchele pale Mwanjelwa au mwanachuo anayeandika ripoti ya fildi inatosha sana.

Kazi ipo kwenye kubadilishana mafaili. Ukiandika kwenye Writer, ile ya kuandikia ya LibreOffice, ukaseivu docx (aina ya faili la Word) afu ukapeleka steshenari kuprinti, majedwali yanaweza kuhama na kurasa zikaongezeka, mara nyingi sababu ni fonti hazifanani, kwaiyo seivu PDF kabla hujatoka nyumbani. Ila kama ofisini mnatumia Excel yenye makro nyingi (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili) aisee lipieni tu Microsoft, Calc, ile ya hesabu ya LibreOffice, haiziendeshi zote.

Google Docs naipenda pale watu wengi mnapoandika faili moja kwa pamoja, unapewa nafasi ya kuhifadhi GB 15 bure japo zinahesabiwa pamoja na Gmail na picha zako.

Na wenye ofisi zinazotunza taarifa za wateja, Office 2016 na 2019 zimeacha kupata masasisho ya usalama tangu Oktoba 2025, msiendelee nazo tafadhali.